Maji ya Pasaka ya Mama Exilda

Jumapili, 9 Machi 1986

Nimenunua daftari hili kwa sababu sina tena wa kumlalamikia. Miaka thelathini na minne mume wangu Alcide alinisikiliza huku akivua viatu vyake, na mara nyingi hakusikia hata neno, lakini alikuwepo. Tangu tumzike mwezi wa Oktoba nanung'unika peke yangu jikoni, na hata paka amenichoka.

Leo nimepanda msituni kuitazama miti ya sukari kabla hatujaanza kuitoboa ili itoe maji yake matamu, tuyapike yawe sharubati. Theluji bado inafika mapajani. Nilijua nitakachokiona, lakini nilipokiona moyo uliniuma upya: vilele vipara, matawi makavu, magome yanayobanduka vipande vipande. Mteremko wa juu ndio umeharibika zaidi. Ule mti ambao Alcide alikutwa ameuegemea, moyo umeshasimama, umebakiwa na matawi hai upande mmoja tu.

Msitu ni wa mama mkwe wangu, Mama Exilda, mwenye umri wa miaka themanini na sita na ulimi wa miaka ishirini. Amekwisha sema kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Maji ya miti yakikatika, mtu wa kiwanda cha mbao atakuja, yeye atatia sahihi, na miti yote itakatwa. Anasema msitu umelaaniwa, na aliyeuletea laana ni mwanawe mwenyewe, Alcide. Alilisema hilo hata siku ya mazishi, mbele ya majirani walioshika vikombe vya kahawa. Sijamsamehe. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, na sijamsamehe.

Jumatano, 12 Machi

Baridi kali. Miti imelala.

Alhamisi, 13 Machi

Baridi. Mama Exilda amesema supu yangu ya njegere ina chumvi ya kutosha kuyeyusha barabara. Amekula mabakuli mawili.

Jumatatu, 17 Machi

Tumetoboa miti, mimi na shemeji yangu Fernand, mdogo wake Alcide. Yeye anatoboa, mimi nafuata nyuma nagonga mifereji ya kutolea maji na kuunganisha mipira inayoyapeleka pipani. Zamani matundu yalitoa vumbi jeupe la mbao, linanukia. Leo miti mingi imetoa vumbi la kahawia.

"Unaona?" Fernand akasema. "Maiti hii."

"Maiti hazitoi sukari, Shemeji."

"Zitatoa mwaka huu, labda na mwakani. Kisha zitaoza zikiwa zimesimama, na hakuna atakayezinunua hata kwa kuni. Mgonjwa asiyepona huuzwa mapema, Gilberte."

"Ndivyo ulivyopanga kunifanya mimi?"

Akacheka mpaka tobo likaenda upande. Fernand si mtu mbaya. Ana maumivu ya nyonga na hana mtoto anayetaka kukaa huku. Ila anapoitazama miti anaona mbao tu, na mimi nikiitazama namwona kaka yake.

Ijumaa, 21 Machi

Maji yameanza! Usiku barafu, mchana jua, na matone yakaingia kwenye mipira yakikimbizana. Nimewasha tanuri la banda la sukari saa nne asubuhi. Mvuke ulipopanda hadi kwenye paa nikalia. Nililia kwa sababu harufu ilikuwa ileile na yeye hayupo. Kisha povu likataka kumwagika, nikatupia kipande cha mafuta ya nguruwe, likatulia, na kazi ikanifuta machozi.

Sharubati ya kwanza ina rangi nyepesi kama chai hafifu. Nzuri sana. Miti inayokufa na utamu wake bado.

Jumatatu, 24 Machi

Kupika. Kuchochea. Kulala.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Leo jua limewaka na maji yamejaa pipa, na hatujawasha moto, maana siku hii ni mwiko kufanya kazi. Mama Exilda amekaa kwenye kiti chake dirishani akilinda bomba la moshi la banda, asije mtu akawasha moto kwa siri.

Hapa ndipo ilipo hadithi yake ya laana. Mwaka 1967 maji yalikuja mengi kupita kiasi, na ilikuwa Ijumaa Kuu. Maji ya mti hayangoji. Yakikaa siku mbili juani yanachacha. Alcide aliangalia mapipa yamefurika, akaangalia angani, akawasha moto. Alipika tangu asubuhi hadi jioni siku ambayo hata mbwa wa parokia yetu hawabweki. Mama yake hakumsemesha hadi Pentekoste. Miaka michache baadaye vilele vikaanza kukauka, naye akajua sababu. Hajabadilika tangu hapo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," ameniambia leo, bila hata kugeuka.

"Alcide hakuvunjika guu, Mama. Alipasuka moyo."

"Ni yaleyale."

Na lililo baya zaidi ni kwamba Alcide mwenyewe aliamini. Hakuwahi kukiri, lakini jioni nyingi nilimwona anapita kwenye miti, anaweka kiganja kwenye gome moja moja kama anayeomba radhi. Alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyeiua.

Jumapili ya Pasaka, 30 Machi

Maji ya Pasaka huchotwa kijitoni kabla jua halijachomoza, kwa kuelekeza chupa kinyume na mkondo, na mchotaji haruhusiwi kusema neno tangu anapotoka kitandani hadi anaporudi. Hayabarikiwi na padre, yanajibariki yenyewe. Hayaozi. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha, sisi hatujaacha. Alcide alikuwa mchotaji tangu baba yake alipofariki.

Jana Mama Exilda alimwamuru Fernand. Fernand akasema nyonga yake haiwezi kuinama kwenye barafu. Basi Mama akanitazama juu hadi chini kama anayenunua ng'ombe sokoni, akasema, "Itabidi wewe. Ila wewe kunyamaza hutaweza."

Nimenyamaza. Alfajiri nimeshuka kwa viatu vya theluji na chupa kifuani. Kijito kilikuwa kimefunguka katikati, kinapita cheusi kati ya kingo nyeupe. Nilipiga magoti. Kulipoanza kupambazuka niliona chini kabisa, kila jiwe, kila punje ya mchanga. Maji yetu yana sifa parokia nzima kwa jinsi yanavyong'aa. Watu wa bondeni huja kuomba chupa, na Mama Exilda huwapa huku akisema kila mwaka yanazidi kuwa safi, na hiyo ni thawabu ya rozari zake.

Kwa kuwa nilikatazwa kusema, nikabaki kutazama. Nilipoolewa huku, mawe haya yalikuwa na kijani kinachoteleza. Kulikuwa na samaki. Alcide alinivulia watatu wiki ya harusi, nikawakaanga vibaya. Majira ya kuchipua vyura walipiga kelele hadi tukafunga madirisha. Sikumbuki ni lini walinyamaza. Kitu kikiondoka kidogo kidogo huna siku ya kukiombolezea.

Nimerudi, nikaweka chupa mbele yake. Ameiinua kwenye taa.

"Kama kioo," akasema. Kisha akanimwagia matone kichwani, kwa ukali, kama anayemwagilia kabichi. Baadaye Fernand amepeleka kikombe kimoja kuinyunyizia miti, kama desturi. Tumekula mayai kwenye sharubati.

Jumanne, 1 Aprili

Bwana Théberge amekuja. Ni mtaalamu wa udongo, mtu mzima mwenye kikohozi na kofia mbaya. Alichimba mashimo mteremkoni kwetu vuli iliyopita, na Alcide alimsaidia kubeba koleo wiki mbili kabla hajafa. Leo alikuja kupima kijito wakati theluji inayeyuka. Nikampa maharagwe.

"Maji yenu yana tindikali, Bi. Gilberte," akasema. "Mvua inaileta. Moshi wa viwanda vya kuyeyusha madini huko magharibi, na wa mitambo ya makaa ya mawe kusini. Unasafiri, unachanganyika na mawingu, unatunyeshea."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi. Udongo wenu ni mwembamba na mwamba wake hauna chokaa ya kutosha. Kila mvua inaondoka na chokaa kidogo, inaipeleka kijitoni, na mti wa sukari bila chokaa ni kama mtoto bila maziwa. Ikiisha, inaamka alumini iliyokuwa imelala udongoni. Hiyo inaunguza mizizi."

"Kwa hiyo si Ijumaa Kuu."

Hakuelewa. Nikamweleza. Hakucheka, na kwa hilo nitamkumbuka.

"Nadhani siyo," akasema. "Lakini kusema kweli siwezi kuapa. Hakuna aliyepima udongo huu zamani, wala maji. Naona mgonjwa alivyo leo, sijui aliugua lini."

Hapo akainua macho kutoka kwenye sahani. Kwenye kizingiti cha dirisha ilikuwepo chupa ya Jumapili, na shingo yake imefungwa kitambaa ambacho Mama Exilda amekiandika mwaka.

"Ile ni nini?"

"Maji ya Pasaka."

"Ya kijito hikihiki? Na mwaka jana mlichota?"

"Kila mwaka."

"Yanayobaki mnamwaga?"

"Kumwaga maji ya Pasaka!" sauti ya Mama Exilda ikatoka chumbani. "Huyo bwana kalelewa na nani?"

Nikaona mkono wa Bwana Théberge na uma umesimama hewani.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya vita.

Chini ya ngazi za ghala, nyuma ya viazi, zipo chupa zote za maji ya Pasaka yaliyobaki. Za dawa, za mvinyo, za soda. Kila moja imezibwa kwa kizibo na nta ya mshumaa, kila moja na mwaka wake. Ya zamani kabisa ni ya 1934. Bwana Théberge anataka kikombe kutoka kila chupa, akayapime.

"Wakayachemshe kwenye vioo vyao?" Mama Exilda akasema. "Maji niliyowazikia watoto wangu wawili na mume wangu? Mpaka nife."

Fernand alikuwa mlangoni anakung'uta theluji. "Mwache Mama, Gilberte. Ya nini? Miti itakatwa tu."

Sijui nilipata wapi maneno. Pengine ni ule ukimya wa Pasaka niliokuwa nimeuhifadhi.

"Mama," nikasema, "wewe una hakika kwamba ni Alcide?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nina hakika kama ninavyojua jina langu."

"Basi huna cha kuogopa. Kama ni ile Ijumaa Kuu, maji ya kabla ya 1967 yatakuwa mazima na ya baada yake yatakuwa mabovu. Acha yaseme yenyewe. Wewe si ndiye unayesema hayadanganyi?"

Saa ya ukutani ikagonga.

"Na yakisema kama mimi?"

"Utatia sahihi, na nitakushikia kalamu. Na sitasema neno tena."

"Hilo la mwisho ndilo muujiza," akasema. Akachukua mkongojo wake. "Fernand, nishike mkono. Watu wa vyuo wasije wakanivunjia chupa."

Alikubali kwa sababu alijua atashinda. Sasa nipo kitandani naogopa. Kama yeye ndiye mwenye haki, nitakuwa nimemhukumu mume wangu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumefungua chupa, yeye ameketi juu ya gunia la viazi akitaja mwaka mmoja mmoja. "1936, mwaka wa Rosaire." Rosaire, mwanawe, alikufa kwa kifaduro. "1944, Fernand alimeza kifungo." Bwana Théberge alimimina taratibu, akaziba tena kila chupa kwa nta, na mikono yake ilikuwa na adabu.

Ya 1985 sikuitoa. Ni ya mwisho aliyoichota Alcide. Kwenye nta ipo alama ya kidole gumba chake. Mama Exilda aliniona nikiificha ndani ya aproni, akauruka mwaka huo.

Kabla ya kuondoka, Bwana Théberge alisimama nje akimtazama Fernand anayemwaga majivu ya tanuri kwenye barafu ya njia, gari lisiteleze.

"Mmefanya hivyo siku zote?"

"Baba alifanya, na babu," Fernand akajibu. "Kila nyumba huku."

"Kuni mnakata kwenye msitu huohuo?"

"Kwani tukaibe kwa jirani?"

Akakohoa. "Humo majivuni mna chokaa, bwana. Chokaa ya miti yenu." Akapanda gari lake.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua, siyo theluji. Nimesimama kibarazani nikainyooshea kiganja, nikaionja. Ina ladha ya mvua. Ningependa iwe chungu, ningejua nimchukie nani.

Jumatano, 9 Aprili

Kupika. Sharubati imekuwa nyekundu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mtu wa kiwanda cha mbao amepita msituni na Fernand, akiweka alama za rangi ya bluu kwenye mashina. Ameuwekea alama hata ule wa Alcide. Mama Exilda aliuliza, "Wameanza?" Nikasema hapana, ni rangi tu. Akasema, "Rangi inatosha kuua."

Nilidhani anaingoja siku hiyo kwa furaha.

Jumanne, 15 Aprili

Barafu tena, na maji yakarudi. Mama ametaka kuonja tofi. Nikamwaga sharubati nzito kwenye theluji safi, nikaizungusha kijitini, nikamlisha kitini kwake. Meno yake hayawezi, ameinyonya. "Alcide alikuwa anaunguza kidogo," akasema. "Ilikuwa tamu zaidi." Kisha akakasirika kwa kuwa amesema hivyo, akanifukuza.

Jumapili, 20 Aprili

Miti imeanza kuchipua, maji yana harufu ya machipukizi na hayafai tena kupikwa. Msimu umekwisha. Fernand anasema Ijumaa mtu wa mbao atakuja na karatasi zake.

Jumatatu, 21 Aprili

Bwana Théberge ameingia bila kuvua kofia. Ndipo nilipojua kwamba ana neno.

Tulikaa mezani sote wanne. Mama Exilda alivaa gauni lake la kanisani.

"Niambie," akasema, "1966 na 1968. Nataka hizo mbili."

"Mama, hazitofautiani. Zinalingana kama mapacha."

"Haiwezekani."

"Tofauti ipo kwingine. Chupa za kabla ya vita, chokaa ni ya wastani. Ndivyo kijito kinavyopaswa kuwa. Kuanzia 1946 inapanda. Miaka ya hamsini inapanda sana. Hapo tindikali ilikuwa inaiosha udongoni na kuitelemsha. Kisha miaka ya sabini inaanguka, inaanguka, na sasa karibu hakuna, kwa sababu juu hakuna tena cha kuosha. Na alumini imepanda mahali pake."

"1946," Mama Exilda akasema polepole. "Alcide alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa hata hajanyoa ndevu."

Chovya chovya humaliza buyu la asali, nikawaza. Na anayechovya hajawahi kutuona, hajui kwamba tupo. Kumbe kilichotula hakikuwa nguoni mwetu. Kilikuwa juu ya vichwa vyetu, na sisi tunakikinga kwa mapipa.

"Na ule ung'avu?" Mama Exilda akauliza. "Maji yangu yalivyokuwa safi kila mwaka zaidi?"

Bwana Théberge akavua kofia. Nilimwona anatafuta neno laini, halipati.

"Alumini huzamisha uchafu wote, Mama. Na hakuna kinachoishi humo cha kuyachafua. Ndiyo maana yanang'aa."

"Nimewanywesha watu."

"Kijiko kimoja hakimdhuru mtu. Usijitese kwa hilo."

"Rozari zangu," akasema. Fernand alikuwa amefunika uso kwa viganja, na mabega yake yanatikisika. Alisema baadaye, tukiwa nje, "Na mimi niliamini, Gilberte. Miaka yote nilikula naye nikiamini kwamba ni yeye."

Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa nimeshinda. Lakini nilipomtazama yule mwanamke mzee, na mikono yake juu ya meza imegeuka viganja juu, mitupu, sikuona mtu wa kumshinda. Nikamuuliza mgeni kama kuna dawa. Akasema chokaa, majivu, kidogo kidogo, na uvumilivu mwingi. Mingine itakufa hata hivyo, michanga labda itapona. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema udongo ulioharibika miaka arobaini hauponi kwa mitano, pengine utataka mingine arobaini.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Exilda hajatoka chumbani. Nimeacha supu mlangoni. Imerudi ilivyo.

Jumatano, 23 Aprili

Vilevile. Nimesikia anaongea peke yake. Jina nililolisikia ni moja tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nilikuwa bandani naosha masinia ya kupikia. Mlango ukafunguka, akaingia na mkongojo, kwa miguu yake, amevaa lile gauni la kanisani, na matope hadi magotini. Hajafika bandani tangu 1967. Akatazama huku na huku, akaona kofia ya Alcide kwenye msumari, akaiacha hapo. Kisha akaenda mbele ya tanuri na kunyoosha mkono.

"Sepetu."

"Mama, utachafuka."

"Mkwe wangu, nimesema sepetu."

Akafungua mlango wa tanuri, akaanza kukokota majivu kuyatia ndooni. Vumbi lilipanda, likamkalia kwenye nyusi. Alipoijaza akasema nimwite Fernand alete trekta, ampandishe juu.

Fernand alimbeba mikononi hatua za mwisho, kwa nyonga yake ile mbovu. Tulimsimamisha mbele ya ule mti wa Alcide, wenye alama ya bluu. Theluji imeyeyuka pale, majani ya mwaka jana yamelala. Akanigeukia.

"Lete ile uliyoificha."

Sikuuliza amejuaje kwamba ninayo hapo hapo. Nilikuwa ninatembea nayo tangu Jumatatu, kwenye mfuko wa koti. Nilitaka kusema hapana. Ni alama ya kidole chake, sina nyingine. Lakini nilimpa. Hakuifungua. Aliishika tu kwa mikono yote miwili, akaweka kidole gumba chake juu ya kile kilichochapwa kwenye nta.

"Alcide," akasema. "Mwanangu. Nilikusingizia. Nilikusingizia ukiwa hai, nikakusingizia ukiwa kwenye sanduku, na watu wakinywa kahawa. Mama yako ni mjinga. Nisamehe."

Upepo ulikuwa mdogo. Fernand alijifanya anakagua gurudumu. Mimi nililia waziwazi, na sikuona haya, na kitu nilichokibeba tangu Oktoba nikakitua palepale.

Akanirudishia chupa. "Hii itunze wewe. Wewe ndiye mkewe."

Kisha akainamia ndoo, akachota majivu kwa mkono, akayamwaga kuzunguka shina, kidogo kidogo, kama anayelisha kuku. Fernand akakwangua ile rangi ya bluu kwa kisu. Hakuna aliyemwambia. "Yule bwana wa mbao asije kesho," Mama akasema, bila kumtazama. "Mwambie kalamu imepotea."

Ndoo ilipoisha alijinyoosha, akaangalia mteremko wote, miti baada ya miti, na vipara vyake.

"Yule mwenye kikohozi alisema itachukua muda gani?"

"Miaka arobaini, Mama. Pengine zaidi."

Akapangusa mikono kwenye gauni la kanisani.

"Basi lete ndoo nyingine."